EPRA Inajibu kwa Nani? Fuata Doo ya Tokeni Yako Kutoka Ikonge Hadi Bunge

Ukinunua tokeni ya soo mbili, meseji inarudi na namba 20 za kuingiza kwa mita, halafu Units, halafu TknAmt, halafu kitu kinaitwa OtherCharges. Wengi wetu tunaangalia Units tu. Tunaguna, tunaingiza zile namba, stima inarudi, maisha inasonga.

Lakini hiyo OtherCharges ndio iko na story. Ndani yake kuna pesa ya mafuta yanayochomwa kuzalisha umeme, kuna ya dola kupanda na kushuka, kuna ya mfumuko wa bei, kuna asilimia 5 ya kupeleka stima mashinani, kuna VAT asilimia 16. Na kuna ka-kitu kadogo sana, senti 8 kwa kila yuniti, kanaenda EPRA.

Senti 8. Kinyozi pale Ikonge akitumia yuniti 10, amelipa EPRA senti 80. Hiyo hata peremende hununui. Lakini chukua kalkuleta. Kenya Power huuza zaidi ya yuniti bilioni 10 kwa mwaka. Mara senti 8. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 800, zimetoka kwa vinyozi, posho mili, saluni, viwanda vya majani chai na nyumba za watu, bila mtu kusikia uchungu. Na hapo bado hatujagusa tozo ya EPRA iliyo ndani ya kila lita ya petroli.

Kwa hivyo swali ni rahisi: huyu tunayemlipa kila tukiwasha balbu, anajibu kwa nani?

Kwanza, EPRA ni nani

EPRA ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Ilizaliwa na Sheria ya Nishati ya 2019, ikachukua nafasi ya ERC, ambayo wazazi wetu waliijua kutoka Sheria ya Nishati ya 2006. Kazi yake, kwa ufupi, ni kuwa refa. Kenya Power haiwezi kuamka asubuhi ipandishe bei ya stima vile inataka. Lazima ipeleke maombi EPRA, EPRA iyachambue, ione kama hizo gharama ni za ukweli, iite wananchi watoe maoni, halafu itoe bei mpya.

Ndio kilichofanyika mwanzo wa 2023. Bei mpya zikaanza Aprili 1 mwaka huo, na kama ulikuwa unatumia stima kidogo, ulishikwa. Kabla ya hapo, bei ya wanyonge ilikuwa ya mtu yeyote anayetumia chini ya yuniti 100 kwa mwezi. Baada ya hapo ikashuka hadi yuniti 30. Weka friji ndogo na TV kwa nyumba uone kama utabaki chini ya 30. Hiyo laini moja kwa karatasi ya EPRA ilihamisha watu wengi kutoka bei ya chini hadi ya katikati, na hakuna mtu aligonga mlango kuwaambia.

Kwa upande wa mafuta, EPRA ndio hutoa ile orodha ya kila tarehe 14. Wasee wa boda wanaijua kuliko birthday za watoto wao. Orodha hiyo haisemi Nairobi na Mombasa peke yake, iko na bei ya mji kwa mji, Kisii na Nyamira zikiwemo, juu mafuta yakitoka kwa bomba la Kisumu ama Eldoret lazima yabebwe na lori, na lori halitembei bure. Hiyo ni bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kuuza. Ukinunua ya chupa kando ya barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera saa nne usiku, hapo uko kivyako, hiyo bei haijulikani na refa yeyote.

Kalenda ambayo hakuna mtu alikuambia

Sasa ingia kwa mambo ya kujibu. EPRA ni shirika la serikali, na mwaka wake wa pesa unaisha Juni 30 kama wa serikali yote. Baada ya hapo saa inaanza kuhesabu.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inasema ndani ya miezi 3, yaani kufikia Septemba 30, vitabu vya hesabu viwe vimefika kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katikati ya mwaka pia kuna ripoti za kila robo, zinafaa kutoka ndani ya siku 15 baada ya robo kuisha. Mkaguzi Mkuu naye, kwa Katiba kifungu cha 229, amepewa hadi miezi 6 baada ya mwaka kuisha awe amekagua na kutoa ripoti. Hiyo ni Desemba 31. Ripoti inaenda Bunge. Na Bunge limepewa miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua.

Piga hesabu. Juni hadi Septemba, Septemba hadi Desemba, Desemba hadi Machi. Kwa karatasi, kufikia Machi 31, kila shilingi ambayo shirika kama EPRA ilitumia mwaka uliopita inafaa iwe imeulizwa maswali, imejibiwa, na kama kuna mtu alikula, awe anajulikana.

Kwa karatasi.

Kwa ukweli, hapo mwisho ndio kamba hukatika. Vitabu huenda, mkaguzi hukagua, halafu ripoti inafika Bunge inapanga laini. Kamati zinazochunguza mashirika ya umma zimezoea kukaa na hesabu za miaka kadhaa nyuma. Unakuta mkurugenzi ameitwa kujibu maswali ya wakati hata hakuwa kwa hiyo ofisi, anasema "mheshimiwa, nitatafuta faili", na hiyo siku imeisha. Aliyekuwa bosi wakati huo alishaenda. Pesa nayo ilishaenda zamani.

Bunge lenyewe lilijua kuna shida. Baada ya uchaguzi wa 2022, ile Kamati ya Uwekezaji wa Umma iliyokuwa moja ikagawanywa mara 3, na moja ya hizo ikapewa mashirika ya biashara na nishati. Ukisikia bosi wa shirika la stima ama mafuta "amechomwa" na wabunge kuhusu ripoti ya mkaguzi, mara nyingi ni huko. Halafu kuna Kamati ya Idara ya Nishati, hiyo ni tofauti. Hiyo haiangalii vitabu vya juzi, inaangalia mambo ya sasa: kwa nini stima ilipotea nchi nzima, kwa nini mafuta yamepanda, sheria mpya inasema nini. Watu huchanganya hizi mbili, na hata wabunge wengine ni kama huchanganya.

Na usidhani wakiita mtu ni ombi. Katiba kifungu cha 125 kimepea kamati nguvu za Mahakama Kuu za kuita shahidi na kudai karatasi. Sheria ya 2017 ya mamlaka na kinga za Bunge inaruhusu shahidi anayepuuza samansi kupigwa faini ya hadi shilingi 500,000. Meno yako. Kuuma ndio shida.

Septemba 2021: siku kamati ilifanya kazi

Kama unataka kuona hii kitu ikifanya kazi, rudi Septemba 14, 2021. EPRA ikatoa orodha. Petroli Nairobi ikafika shilingi 134.72. Dizeli ikapanda karibu bob nane. Mafuta taa, ile ya mama anayepika na stovu, ikaruka karibu bob 13 kwa siku moja. Wasee wakawaka.

Kumbuka vile ilikuwa. Julai 2020 tozo moja inaitwa Petroleum Development Levy ilikuwa imepandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Tuliambiwa hiyo pesa ni akiba: bei za dunia zikipanda, inatolewa kutukinga. Yaani boda wa Ikonge alikuwa anaweka bob tano na kitu kwa kila lita kwa kibubu cha taifa, akingoja siku mbaya. Siku mbaya ikafika. Kibubu kikakosekana.

Bunge likaita wakubwa. Na hapo mbele ya kamati ndio ikatoka: shilingi bilioni 18.1 za hiyo tozo zilikuwa zimehamishiwa SGR. Reli. Reli ambayo wakati huo haikuwa imefika Gusii.

Angalia vizuri nani alikosea wapi hapo, juu ndio maana ya hii article yote. EPRA ilikuwa imefanya hesabu yake sawa. Ilichukua bei ya meli, ikaongeza usafiri, faida ya wauzaji, kodi na tozo, ikapata jibu. Kibubu hakikai kwa EPRA. Kwa hivyo ungepeleka hasira yako yote kwa EPRA, ungekuwa unapigia kelele kalkuleta. Swali lililofaa lilikuwa la mwenye kibubu, na mtu wa kuuliza hilo swali ukiwa na samansi mkononi ni kamati ya Bunge.

Mwezi uliofuata, Oktoba 14, ruzuku ikarudi na petroli ikashuka bob tano hadi 129.72. Kamati ya Fedha ikaandika mswada wa kupunguza hiyo tozo na VAT ya mafuta. Mswada haukuwahi kuwa sheria. Uchunguzi ulitoa ukweli nje, bei ikapumua kidogo, halafu ile sehemu ya kubadilisha sheria ikazimika kimya kimya. Kila ukisikia "Bunge limechunguza", uliza kama ni hatua ya kwanza imefanywa ama zote.

Gusii tuko na mfano wetu hapa pia. Pavel Oimeke aliongoza EPRA hadi mwishoni mwa 2020. Mei 2021 akashinda uchaguzi mdogo wa Bonchari, Kisii, akaingia Bunge kwa tikiti ya ODM. Kwa hivyo wakati petroli inafika 134, ndani ya Bunge kulikuwa na mtu aliyewahi kukaa kwa kile kiti cha kutoa bei. Agosti 2022 kiti cha Bonchari kikaenda kwa mwingine. Bila kumsema vizuri wala vibaya, hiyo inaonyesha vile anayeulizwa na anayeuliza hawako mbali sana. Ni mlango mmoja, na unafunguka pande zote mbili.

Ripoti bila mtu wa kusoma

Kuna kitu EPRA inafanya ambacho lazima tuipe maua yake. Inachapisha ripoti ya takwimu za nishati, na unaweza kuidownload bure. Huko ndani ndio unajua kwamba mwaka wa 2023/24, karibu asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power ulipotea kabla ya kufika kwa mita inayolipa. Waya mbovu, transfoma zilizochoka, na wale wa kuunganisha usiku na ngazi, unawajua.

Hiyo ni karibu yuniti moja kwa kila nne. Na mtu lazima ailipie. EPRA huweka kiwango cha hasara ambacho Kenya Power inaruhusiwa kupakia kwa bei yako. Ile iliyo juu ya kiwango, Kenya Power inafaa kuimeza yenyewe. Hasara ya 2023/24 ilipita hicho kiwango. Kwa hivyo swali la maana la mbunge si kupiga meza akisema "stima ni ghali!" Hiyo hata mimi naweza, bila mshahara wa mbunge. Swali ni: mbona hicho kiwango ni hicho mlichoweka, na mwaka ujao mnakishusha hadi ngapi? Shusha asilimia moja hapo, na kiwanda cha chai Nyamira kinachokausha majani usiku kucha kitaiona kwa bili. Mkulima naye ataiona kwa bonasi, juu bili ya kiwanda hukatwa kwanza kabla mkulima aonekane.

Lakini takwimu peke yake haifanyi kitu. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ikalipuka Embakasi, mtaa wa Mradi. Watu wakafa, mamia wakaungua. EPRA ikatoa taarifa kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha hiyo plot mara 3 mwaka wa 2023, moja ya sababu ikiwa ni watu kukaa karibu sana. Soma hiyo tena. Refa alipuliza filimbi mara 3, na mechi ikaendelea. Karatasi za kukataa zilikuwa kwa faili. Hakukuwa na mtu kutoka nje anayeuliza kila miezi michache: zile maombi mliyokataa, mlirudi kuangalia kama kuna mtu anajaza mitungi hapo usiku?

Hiyo ndio tofauti ya ripoti ya kujaza rafu na ripoti ya kujibu swali. Kama sheria ingelazimisha EPRA kupeleka kwa kamati orodha ya vibali ilivyokataa na kilichofuata, robo kwa robo, jina la hiyo plot lingetokea mezani mara kadhaa kabla ya Februari. Sisemi ingezuia. Nasema kungekuwa na mtu mwingine anayejua.

Bunge liko na kiwembe kingine

Kuna nguvu moja ambayo haisemwi sana. EPRA na wizara wakitengeneza kanuni, mfano za bei ya mafuta ama leseni za gesi, hizo zinaitwa sheria ndogo. Kwa Sheria ya 2013 ya kusimamia hizo kanuni, lazima zifikishwe Bunge ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Zisipofikishwa, zinakufa. Zikifika, kuna kamati nzima ya sheria ndogo inayoweza kuzifuta kama wananchi hawakuulizwa ama kama zinaenda kinyume na sheria kubwa.

Kitu Bunge haliwezi kufanya ni kuweka bei lenyewe. Na tukisema ukweli, ni afadhali. Fikiria bei ya petroli ikipigiwa kura na watu 349 miezi miwili kabla ya uchaguzi. Ingekuwa bure hadi siku ya kura, halafu Septemba tungeuza ng'ombe.

Majirani Tanzania wako na EWURA, ambayo inashika stima, mafuta na maji chini ya paa moja. Sisi maji tuliweka kando, kwa WASREB. Kama unakaa Kisii mjini na bomba linatoa hewa, kampuni yako ni GWASCO, na WASREB huchapisha kila mwaka ripoti inayopanga kampuni za maji kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kama matokeo ya mtihani. Tafuta GWASCO iko namba ngapi. Kwa nchi nzima, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hayaleti hata senti. Ukiona hivyo, ile hasara ya stima inaanza kuonekana kama mtoto mpole.

Sasa wewe wa Ikonge unaingilia wapi

Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wakautafsiri hadi Ekegusii, kila mtu akajua clause inamfinya wapi. Kusoma ripoti ya EPRA ni rahisi kuliko hiyo, na iko na picha.

Kama kuna kitu hakimo kwa ripoti, Katiba kifungu cha 35 kinakupea haki ya kuuliza, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili kiko ndani ya sheria, usiogope. Hakuna pesa ya kupeleka ombi. Wako na siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa Bunge, kifungu cha 119 kinaruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi, hata mkiwa chama cha boda na mwenyekiti wenu. Na vikao vya kamati ni vya wazi, hiyo ni kifungu cha 118. Hansard pia iko kwa tovuti ya Bunge bure. Weka jina la mbunge wenu kwa search, halafu neno "EPRA", uone mara ya mwisho aliuliza nini. Akija matanga Jumamosi na kuongea vile stima inapotea, utakuwa na kitu cha kumuuliza.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Anza na jina, anwani, tarehe. Halafu kitu kama hiki: "Naomba kujua, kwa mwaka wa fedha uliopita, ni mara ngapi umeme ulikatika katika eneo la Nyamira na kwa saa ngapi kwa jumla, Kenya Power iliripoti nini kwenu kuhusu kukatika huko, na ninyi mlichukua hatua gani." Weka tarehe kwa kopi yako, hesabu siku 21 kwa kalenda ya ukutani.